Mashine ya Kukalia

Kwa miaka kumi na tisa Zadock Ooko aliishi kwa fyekeo. Alikuwa mtu wa Seme, lakini riziki yake ilikuwa Kisumu mjini, na kwake kulikuwa vyumba viwili vya kupanga mtaani Obunga, alikoishi na mkewe Lorine. Majirani walimwita Lorine Nyar Port, yaani binti wa Port, kwa kuwa alizaliwa Port Victoria kule Busia, na jina hilo lilimshika hata akazeeka nalo.

Kazi yao waliifanya pamoja. Zadock na vibarua watatu walifyeka mbele, Lorine akaja nyuma na reki, akikusanya nyasi marundo marundo ambayo jioni aliwauzia wenye ng'ombe wa maziwa. Walikuwa na wateja wadogo wadogo Migosi, kanisa moja na nyumba chache za kupanga, lakini mteja aliyewalisha hasa alikuwa Chuo cha Ufundi cha Nyakwaka, kilichojengwa kando ya ziwa. Chuo kilikuwa na ekari kumi na mbili za nyasi. Juu kulikuwa na uwanja wa mpira, katikati bustani na madarasa, kisha mteremko mrefu ulioshuka mpaka kwenye gugumaji. Viboko walipanda pale kula, wakaacha mashimo ya nyayo zao katika udongo laini. Zadock aliyajua mashimo hayo karibu yote.

Mwezi wa kwanza chuo kilipata msimamizi mpya wa majengo na viwanja, Madam Debra Naswa. Alikuwa mama wa maneno machache na hakuwa mbaya. Alimwita Zadock ofisini, akamkaribisha kiti.

"Mzee Ooko, kazi yako ni safi," alisema. "Lakini ukimaliza kule chini, huku juu nyasi imesharudi. Muhula ujao kandarasi itakuwa ya miaka miwili, na ni ya mtu mwenye mashine ya kukalia. Ile ya kusukuma sitaki. Nakupa mwezi mmoja kabla sijaita watu wengine."

"Na watu wengine ni Kinyua," Zadock alisema.

"Ni yeyote mwenye mashine, Mzee."

Kinyua alikuwa mtu wa Nyeri aliyehamia Kisumu zaidi ya miaka ishirini iliyopita, akaanza kwa kuuza misumari na sasa alikuwa akikata nyasi za hoteli mbili. Yeye na Zadock walikuwa wapinzani wa biashara, lakini walisalimiana vizuri, na kesho yake Zadock alikwenda kumwona. Alimkuta nyuma ya duka lake akiosha mashine yake kwa mpira wa maji.

"Hii niliinunua ikiwa na miaka sita," Kinyua alisema, "na kwangu ina minne. Piga hapa." Aligonga kwa kifundo cha kidole lile bamba la chuma linalofunika visu. Lililia kwa sauti nzito, kama sufuria ya shule. "Hiki ni chuma. Spea zake naagiza Nairobi, kesho yake ziko hapa. Kuna ingine kama hii Eldoret, shamba moja la maua linaiuza. Laki saba na nusu. Ukitaka nitakupeleka mwenyewe."

"Utanipeleka ninunue mashine ya kukunyang'anya kazi?"

Kinyua alicheka. "Nyasi ya Kisumu itanimaliza mimi na wewe na iendelee kuota."

Kutoka hapo Zadock alipita katika duka moja la mashine mjini. Palikuwa na mashine ya kukalia, mpya, nyekundu, ingali na nailoni juu ya kiti. Bei yake haikufika hata nusu ya ile ya Eldoret. Muuzaji, kijana mwenye tai, alimwambia ina garantii ya mwaka mzima na injini yenye nguvu sawasawa na zile za bei ghali. Zadock alikaa juu yake. Alishika usukani. Mgongo wake, uliokuwa ukimuuma tangu asubuhi, ulinyooka wenyewe.

Fedha walikuwa nazo. Walikuwa wameziweka katika chama cha akiba kwa miaka kumi na mmoja, na hazikuwa za mashine. Zilikuwa za kujenga boma lake mwenyewe lenye lango lake, kama mila ya kwao inavyomtaka mwanamume mwenye mke. Zadock alikuwa na miaka hamsini na mbili na bado, kila aliporudi Seme, alilala katika kijumba cha ujana wake ndani ya boma la marehemu baba yake. Mwezi wa kumi na mbili, kwenye mazishi ya kaka yake mkubwa, mjomba mmoja alimwuliza mbele ya watu lango lake liko wapi. Watu walicheka kidogo, halafu wakanyamaza, na kule kunyamaza kulimuumiza kuliko kicheko. Lorine alikuwa amesimama karibu na sinia la chai. Alisikia.

Jioni ya siku aliyotoka dukani walizungumza, Lorine akichambua mboga, Zadock akiwa ameketi mlangoni.

"Nunua ile ya Eldoret," Lorine alisema.

"Pesa ikienda yote, boma hakuna."

"Litakuja. Nimengoja miaka ishirini na sita, Baba Akinyi. Nitashindwa na miwili?"

"Nilikuahidi mwaka huu. Nikichukua ile nyekundu, mabati yanabaki, na nguzo zinabaki. Mwezi wa nane unaingia kwako."

"Na ikiharibika?"

"Si ina garantii? Mashine ni mashine. Zote zina kisu chini na kiti juu. Kile kingine ni jina tu unalipia."

Lorine aliweka kisu chini. "Ni wewe utakayeikalia," alisema. "Mimi nafuata nyuma tu."

Akanunua ile nyekundu, na Madam Naswa akampa kandarasi.

Kwa wiki nane hakuna mtu Kisumu aliyefurahi kumshinda. Uwanja wa mpira uliochukua watu wanne siku mbili, sasa aliumaliza kabla ya chai ya saa nne. Wanafunzi walisimama kumtazama. Aliwaaga wale vibarua watatu, akawapa kila mmoja fyekeo lake kama zawadi, na akabaki na Lorine na reki yake. Usiku alilala bila kujipaka dawa ya mgongo. Mwezi wa tatu alinunua mabati arobaini, akayapeleka Seme na kuyapanga kando ya ukuta wa kijumba chake, ili ndugu zake wayaone. Alipokutana na Kinyua barabarani alimpigia honi, na Kinyua akainua mkono.

Kisha mvua za masika zikaanza.

Mvua ikinyesha, nyasi ya kando ya ziwa huwa nzito. Ilijikusanya chini ya bamba la mashine kama ugali ulioungua, na kila baada ya mistari mitatu Zadock alilazimika kusimama na kuikwangua kwa kijiti. Bamba lenyewe lilikuwa jembamba. Gurudumu lilipoingia katika shimo la kiboko, bamba lilipiga ardhi na kupinda, na visu vikaanza kuligusa kwa ndani vikipiga kelele. Halafu mkanda unaozungusha magurudumu ukakatika. Alikwenda dukani na karatasi yake ya garantii. Yule kijana mwenye tai hakuwepo tena. Aliyekuwepo alimwambia garantii ni ya injini, mkanda haumo, na mkanda wenyewe haupo nchini. Ungeagizwa ng'ambo. Wiki sita.

"Wiki sita nyasi itakuwa kifuani," Zadock alisema.

"Pole, Mzee."

Aliipeleka mashine kwa Okinyi, fundi wa Kibuye aliyekuwa akitengeneza pampu na mashine za kusagia unga. Okinyi alitafuta mkanda wa mashine ya posho unaokaribiana, akausogeza na kuukaza mpaka ukakubali. Alinyoosha bamba kwa nyundo. Alichomelea mahali palipopasuka. Baada ya siku kumi boliti mbili zilikatika, akaweka nyingine. Baada ya wiki, beringi ya kisu kimoja ikafa. Kila mara Okinyi aliifungua ile mashine akitikisa kichwa, si kwa dharau, bali kama daktari anayetazama mtoto asiyepewa chakula.

"Mzee, chuma chake ni laini," alisema. "Mimi naweza kutengeneza kilichovunjika. Hiki kimevunjika tangu kiwandani."

Zadock hakumweleza Lorine yote. Alimwambia ni marekebisho ya kawaida. Lakini pesa za nguzo zilianza kwenda Kibuye, na Lorine, aliyekuwa akiona kila kitu, hakuuliza.

Mwezi wa tano ikaja ile shida ya swichi. Chini ya kiti cha mashine kulikuwa na swichi ndogo ya plastiki. Dereva akiinuka kitini, swichi inaachia, na injini pamoja na visu vinazima. Sasa maji yaliingia ndani yake, na springi yake ikalegea. Kila mashine iliporuka kwenye shimo, swichi ilidhani Zadock ameshuka. Injini ikazima. Akawasha tena. Hatua kumi, ikazima. Siku moja alihesabu mara arobaini na mbili kabla ya saa sita, na betri ikaisha, akaisukuma mashine hadi juu akiwa na Lorine, wote wawili wamelowa jasho, wanafunzi wakitazama kutoka madirishani.

Alikwenda kwa Okinyi.

"Nitafutie ingine kama hii."

"Haipo. Nimeuliza Nakuru, nimeuliza Nairobi. Hii ni ya kwake peke yake."

"Basi iunganishe moja kwa moja. Kata hizo waya, zikutanishe."

Okinyi alifuta mikono kwa kitambaa, polepole. "Mzee, hiki kitu si cha injini. Kimewekwa kwa sababu ya mtu. Nikikiunganisha, ukianguka visu vinaendelea."

"Mimi sianguki. Nimekuwa kwa nyasi miaka kumi na tisa."

"Nakuambia tu."

"Nimesikia. Unganisha."

Okinyi aliunganisha. Kazi yenyewe haikuchukua dakika tano, na hakutoza kitu. Kesho yake mashine ilikata kutwa nzima bila kuzima hata mara moja. Lorine alifurahi. "Leo amefanya nini huyo Okinyi?" aliuliza. Zadock akajibu, "Waya ilikuwa imelegea."

Mahafali ya chuo yalikuwa Ijumaa ya pili ya mwezi wa sita. Madam Naswa alitaka mteremko wote uwe umekatwa kufikia Alhamisi, kwa sababu wageni wangepigwa picha pale, ziwa likiwa nyuma yao. Jumatano ilinyesha mchana kutwa. Alhamisi asubuhi jua lilitoka, lakini nyasi ilikuwa bado na maji, na udongo ulikuwa ukiteleza. Lorine alisema wangoje saa sita ikauke kidogo. Zadock alisema wakingoja hawatamaliza. Wakaanza.

Saa nne na nusu walikuwa wamebakiza sehemu kali zaidi, katikati ya mteremko. Zadock alikuwa akipanda, Lorine akiwa chini yake akikusanya. Karibu na mti mmoja wa jakaranda alisikia ule mkanda wa mashine ya posho ukilia, mlio mwembamba, halafu mashine ikasimama, na ikaanza kurudi nyuma. Alikanyaga breki. Breki ilishika kidogo, ikaachia. Alikanyaga tena. Magurudumu yalikuwa yakiteleza kama sabuni. Akafanya alichofanya mwili wake wenyewe bila kumwuliza: aliruka kando, akageuka, akashika usukani kwa mikono miwili ili aizuie.

Mashine ilimshinda. Ilimponyoka mikononi ikashuka, ikiongeza mwendo, na injini yake ilikuwa ikinguruma vilevile kama vile mtu bado ameikalia.

"Lorine!" alipiga kelele. "Toka! Toka!"

Lorine aliinua kichwa. Alitupa reki, akakimbilia upande wa kulia, na angefika. Mguu wake wa kushoto uliteleza. Alianguka kwa goti, akajaribu kuinuka, na mashine ikamfikia visu vyake vingali vikizunguka.

Ilisimama hapo. Injini ilikohoa, ikazima yenyewe.

Zadock hakukumbuka vizuri jinsi alivyofika chini. Alikumbuka kwamba aliinyanyua mashine peke yake, mashine ambayo hunyanyuliwa na watu watatu. Alikumbuka Lorine akimtazama bila kulia, akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Usiangalie. Funga na leso yangu. Usiangalie, Baba Akinyi." Wanafunzi walikuja wakikimbia. Gari la chuo liliwachukua.

Hospitalini walimkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Watu walikuja. Kanisa lilikuja, wakaimba. Madam Naswa alikuja na mfuko wa machungwa, akalia kuliko mtu yeyote, na kabla ya kuondoka akamwita Zadock nje. Alimwambia mashine ya Kinyua ingeanza Jumatatu, kwamba hakuwa na njia nyingine, na kwamba angemwachia yeye kazi hiyo kwa moyo wote kama ingewezekana. Zadock alisema anaelewa. Wote waliokuja walimwambia neno moja: ajali. Ajali, Bwana Ooko, ni Mungu tu ajuaye. Alilipokea neno hilo na kulishika kama mtu anayeshika mkono wa jirani katika umati. Kwa siku tisa Lorine naye alilitumia. "Ni ajali," aliwaambia wageni. "Hata angekuwa nani."

Siku ya kumi alikuja Okinyi. Alisimama mlangoni mwa wodi na kofia mkononi, akashindwa kuingia, akaingia. Alimsalimia Lorine, kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha jirani kilichokuwa kitupu.

"Mama," alisema, "nimekuja kuomba msamaha. Ningekataa. Hata Mzee angekasirika, ile swichi ningekataa kuiunganisha."

Zadock alikuwa akimenya chungwa. Mikono yake ilisimama.

"Swichi gani?" Lorine aliuliza.

Okinyi alimtazama Zadock. Alielewa alichokifanya, na ilikuwa imechelewa. Alisema maneno fulani kuhusu kazi iliyomngoja Kibuye, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa.

"Swichi gani?" Lorine aliuliza tena.

Zadock akamweleza. Alimweleza yote, tangu maji yalipoingia mpaka Okinyi alipomwonya na yeye alivyomjibu. Hakujitetea. Alipomaliza, Lorine alikuwa akitazama dari.

"Uliniambia ni waya imelegea."

"Ndiyo."

"Mimi ndiye nilikuwa nyuma yako. Kila siku mimi ndiye nilikuwa nyuma."

"Ndiyo, Nyar Port."

"Usiniite hivyo," alisema. Akageukia ukuta.

Lorine alipotoka hospitali hakurudi Obunga. Njia ya kuingia kwao ilikuwa ya matope na mawe, na mtu wa magongo asingeiweza. Binti yao Akinyi, aliyefundisha shule ya chekechea, alikuwa na nyumba ya kupanga ya ghorofa ya chini huko Migosi, akamchukua mama yake, na Zadock akaja pia, akawa analala kwenye kochi. Mabati arobaini yaliuzwa na kulipia hospitali. Mashine nyekundu aliichukua mnunuzi wa vyuma chakavu, akaipima kwa kilo. Zadock hakujali zilikuwa kilo ngapi.

Lorine alizungumza naye. Watu waliowatembelea wasingegundua kitu. Aliomba maji, alimwambia dirisha lifungwe, alimwuliza kama amekula. Lakini lile jina Baba Akinyi halikusikika tena kinywani mwake. Alimwita "wewe". Na Zadock alipojaribu kuomba msamaha, alimkatiza kila mara kabla hajafika katikati, si kwa hasira, bali kama mtu aliyechoka kusikia habari ileile redioni.

Mwishoni mwa mwezi wa nane Kinyua alikuja Migosi. Alikaa, akanywa chai, akamsalimia Lorine kwa heshima, halafu akamwambia Zadock mlangoni: "Bwana Ooko, njoo uniendeshee ile mashine Nyakwaka. Wewe unaujua ule uwanja, vijana wangu wananivunjia visu kwa mashimo ya viboko. Nitakulipa vizuri."

Zadock alitaka kukataa. Alimfikiria Akinyi na mshahara wake wa chekechea, na mguu wa bandia ambao daktari alisema ungemsaidia mama yake. Akakubali.

Jumatatu alifika chuoni saa moja. Mashine ya Kinyua ilikuwa imeegeshwa juu, penye tambarare, kando ya uwanja wa mpira. Alikaa. Kiti kilimpokea kwa uzito. Aliwasha injini, akavuta kishikio cha visu, na visu vikaanza kuzunguka chini yake kwa mlio mzito, usio na kelele ya chuma kugusa chuma. Alikaa hivyo kwa muda, bila kwenda popote.

Kisha akainuka kitini.

Injini ilizima. Alisikiliza visu vikizunguka vyenyewe. Moja. Mbili. Tatu. Kimya.

Alikaa tena, akawasha, akavuta kishikio, akainuka. Moja, mbili, tatu, kimya. Alifanya hivyo mara ya tatu na mara ya nne. Kinyua, aliyekuwa akimimina petroli kwenye mtungi, alisimama akamtazama.

"Kuna shida?"

"Hapana. Naangalia."

"Iko sawa. Zote ziko hivyo."

"Najua," Zadock alisema.

Aliiacha mashine akashuka mteremko kwa miguu. Ule mti wa jakaranda ulikuwa pale. Alisimama mahali aliporukia, akageuka kuelekea ziwani, akatembea akihesabu hatua mpaka mahali ambapo nyasi ilikuwa imeota kuliko kwingine, maana vijana wa Kinyua walikuwa wakipakwepa. Hatua ishirini na moja. Mashine ingemgonga Lorine, ndiyo. Ingemtupa chini, labda ingemvunja mfupa. Lakini visu vingekuwa vimesimama kabla hazijaisha hatua kumi. Alirudia kuhesabu kutoka chini kwenda juu, kana kwamba hatua zingeongezeka au kupungua. Zilikuwa zilezile.

Alipanda, akakaa kwenye mashine, akakata nyasi mpaka saa tisa. Alikata vizuri. Kile kipande cha pale chini alikikata pia.

Jioni alimkuta Lorine barazani kwa Akinyi, ameketi kwenye kiti cha plastiki, akipepeta karanga katika ungo. Magongo yalikuwa yameegemezwa ukutani. Zadock aliketi kwenye ngazi, akavua viatu. Soksi zake zilikuwa zimejaa vipande vya nyasi.

"Umeiendesha?" Lorine aliuliza.

"Nimeiendesha."

"Ni nzuri?"

"Ni nzuri."

Lorine aliendelea kupepeta. Maganda mekundu yalipeperuka yakamwangukia Zadock mabegani, na hakuyapangusa.

"Ina ile swichi?"

"Inayo."

"Ukiinuka inafanya nini?"

Zadock alijua angeweza kusema lolote. Hakuna mtu ambaye angekwenda kuuliza. Angeweza kusema swichi ile haisaidii kitu, kwamba visu vinaendelea dakika nzima, kwamba mashine ni mashine. Lakini alikuwa ameshamdanganya mara moja kuhusu jambo hilohilo, na aliona hawezi mara ya pili.

"Inazima," alisema. "Ukihesabu tatu, vimesimama vyote."

"Tatu."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa mbali kiasi gani?"

"Hatua ishirini na moja."

Ungo ulisimama mikononi mwake. Alitazama kando ya nyumba, ambako mpangaji mwingine alikuwa akianua nguo. Machozi hayakutoka. Uso wake ulikaa tu, kama wa mtu anayejaribu kukumbuka alichotumwa dukani.

"Afadhali ungenidanganya," alisema. "Leo ndiyo ungenidanganya."



Lorine aliweka ungo chini, akanyoosha mkono kutafuta magongo. Zadock aliinuka kumpa, lakini alikuwa ameshayafikia. Alijiinua kwa shida, akayaweka kwapani, akaingia ndani gongo moja baada ya jingine, na baada ya kitambo sauti yake ikasikika jikoni ikimwambia Akinyi apunguze moto, maharagwe yanaungua. Zadock alibaki kwenye ngazi. Kinyua alikuwa amemwambia kesho yake afike saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu uwanja wa mpira ungetumika mchana.